Nafasi Nyingi Kuliko Herufi

Mimi ndiye niliyetengeneza kile kitufe cha "Nitakuja", kwa hiyo msitafute mchawi. Ni cha kijani, kina pembe za mviringo, ukikibonyeza kinatoa mlio mdogo na namba inapanda. Ile rangi ya kijani niliihangaikia siku nne. Siku nne nzima, kwa ajili ya kitu ambacho watu wanakibonyeza wakiwa chooni.

Tovuti yenyewe inaitwa Tupo. Una shughuli yako, iwe harusi, mahafali, mkutano wa wazazi au mechi ya mtaa, unaiweka pale, watu wanaiona, wanabonyeza. Tuko wawili tu. Mimi nashughulika na sura na maneno, mwenzangu anashughulika na yale mambo ya ndani ambayo hata akinieleza naitikia tu kwa kichwa. Yeye tunamwita Betri, maana asipopata chai kila baada ya saa mbili anazimika. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Ukifungua dirisha unapata harufu ya mpira, ukilifunga unapata joto, kazi kwako kuchagua.

Mwanzoni kulikuwa na vitufe viwili, "Nitakuja" na "Sitakuja". Betri ndiye aliyeniita siku moja nikaangalie hesabu zake. Mwaka mzima, maelfu ya watu, na "Sitakuja" ilikuwa imebonyezwa mara tisa. Kati ya hao tisa, watatu walituandikia kuomba radhi, kwamba kidole kiliteleza. Si ajabu. Nani atambonyezea mwenzake hapana ya waziwazi, na mwenye shughuli analiona jina lako? Mtu hakatai. Mtu anasema niko njiani, na bado yuko kitandani anatafuta soksi.

Betri akapendekeza kitufe cha katikati, kiandikwe "Nikijaliwa". Ni neno la heshima, alisema, halimfungi mtu wala halimuumizi mwenyeji, na sisi angalau tutaujua ukweli. Nilimkatalia palepale. Nilijua kabisa kitakachotokea: watu wote watahamia kwenye hilo neno, na namba yetu ya kijani itanywea. Na namba hiyo ndiyo aliyokuwa akiitazama kila mwezi mama mmoja wa kampuni ya matangazo iliyotulipa, kabla ya kuamua kama tunaishi au tunakufa. Nikamwambia Betri aache kutuletea uchuro, nikaendelea kukiremba kitufe changu. Tukaongeza kengele ya kukumbusha. Tukaongeza sehemu ya maoni. Tukaongeza na ujumbe wa shukrani unaojituma wenyewe siku inayofuata shughuli: "Asante kwa kuja, uliipendezesha shughuli yetu." Maneno yangu hayo, na niliyaona matamu.

Sasa Baba.

Baba ni mchapaji. Miaka thelathini na minane amewachapia watu wa mtaa wetu kadi za harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya misiba na vyeti vya shule, kwa mashine ya chuma inayopiga kelele mpaka vikombe vinahama mezani. Herufi za risasi alizipanga moja moja kwa vidole vyake, pamoja na vile vipande vitupu vya kuacha nafasi kati ya maneno. Na akiikagua kazi kabla ya kuichapa, hasomi kama mimi na wewe. Anakwenda herufi kwa herufi, kutoka mwisho kuja mwanzo, ili maana isimdanganye. Ukisoma maana, alikuwa akinifundisha nikiwa mdogo, unaona kile unachotaka kukiona.

Presha ya macho ilimjia kimyakimya. Alipokubali kwenda hospitali, jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia lilikuwa limebaki na tundu dogo la katikati. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakumficha. Alimwambia hilo tundu nalo litaziba, labda baada ya miezi mitano, labda sita, na dawa ni za kuchelewesha tu. Mimi nililia kwenye korido bila haya. Baba aliuliza kofia yake ameiweka wapi.

Wiki ileile akaniambia anachotaka. Hakutaka safari, hakutaka daktari mwingine. Alitaka watu. Alitaka nyuso za wale aliowachapia kadi, maharusi ambao sasa wana wajukuu, watoto wa vile vyeti ambao sasa wana vitambi.

"Nataka niwaone, mama," alisema, maana mimi huniita mama. "Mara moja tu. Nikishawaona, giza na lije, litanikuta nimeshiba."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Atachapa kadi, iwe kazi yake ya mwisho, halafu mimi nimshike mkono tuzunguke nyumba kwa nyumba tukazigawe. Kadi unampa mtu mkononi, alisema, anakutazama machoni, na mtu akishakutazama machoni anaona aibu kutokuja. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikamwambia mambo ya kuchosha miguu yamepitwa na wakati, Baba, wewe una binti mwenye tovuti, usichape kitu. Kisha akasema haya, wewe ndiye unayejua.

Nikaiweka shughuli yake kwenye Tupo. Niliandika maneno mwenyewe, nikaweka picha yake amesimama na mashine, mikono imejaa wino. Siku ya tatu namba ikafika mia na sitini na tatu. Jamani, mia na sitini na tatu. Na maoni chini yake: mzee wetu, tuko pamoja, hatukosi, mimi nitakuwa wa kwanza kufika. Nikamsomea majina yote, na kila jina alilijibu kwa kadi yake. Huyu yake ilikuwa ya waridi, mama mkwe akang'ang'ania herufi za dhahabu. Huyu tulikosea jina la bwana harusi, wakaoana hivyohivyo. Baba alifurahi mpaka akawa anaimba bafuni. Na mimi, niliyekaa na Betri mwaka mzima nikijua namba hiyo ni ya uongo, niliiamini. Mganga hajigangi. Nilisoma maana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa kumi. Kwenye duka lake la uchapaji tuliisogeza mashine ukutani, tukapanga viti themanini vyeupe vya kukodi, ndani mpaka kibarazani, tukasema hao wengine watasimama. Kulikuwa na chai, soda na keki kubwa. Baba alivaa suti yake ya kahawia, aliyoipiga pasi mwenyewe kwa kupapasa, akasimama mlangoni kofia mkononi.

Wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada yake Baba, ambaye kabla ya kubonyeza alinipigia simu mara tatu kuuliza abonyeze wapi. Akafuata fundi cherehani wa mlango wa pili. Akaja Betri na mkewe. Saa kumi na nusu akaingia mwalimu mmoja mstaafu, anachechemea, anaomba radhi kwa kuchelewa. Hao ni watano. Akaja na wa sita, kumbe alitaka kutoa fotokopi, akaviona viti akageuza.

Saa kumi na moja shangazi akasema tuanze, chai inapoa. Baba hakukubali. Tungoje kidogo, alisema, watu wako njiani. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mashine napiga simu. Mmoja yuko njiani. Wa pili naye yuko njiani, na televisheni naisikia nyuma yake. Wa tatu akaniuliza kwani ni leo, na kengele yangu ya kukumbusha ilikuwa imemlilia mara nne. Wengine waliziacha simu zikaita mpaka zikachoka.

Kwa kuwa Baba anachungulia tu, chumba hakioni chote kwa mara moja, anaona kiti kimoja kimoja. Nikajiambia afadhali. Mungu anisamehe, nilijiambia afadhali. Aliponiuliza wamefika wangapi, nikamwambia wengi, Baba, pamejaa. Na fundi cherehani, mtu wa watu, akaamua kunisaidia uongo wangu. Akazunguka kwa nyuma, akaja kumpa Baba mkono kwa mara ya pili, sauti ameikaza isikike kama ya mtu mwingine. Baba akaushika ule mkono, hakuuachia.

"Fundi," akamwambia taratibu, "mbona umeshanisalimia."

Halafu akageuza kichwa. Alianzia mstari wa nyuma kabisa, kiti cha mwisho, akaja kiti kwa kiti, mstari kwa mstari, kutoka mwisho kuja mwanzo. Ilichukua muda mrefu. Betri alikuwa anatazama viatu vyake, shangazi anaitazama keki. Baba alipomaliza akaivaa kofia yake.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa umeweka nafasi nyingi kuliko herufi."

Akacheka, ili na sisi tucheke. Betri akatoka nje. Tulikunywa ile chai, imeshapoa, na Baba akawatazama wale watano mmoja baada ya mwingine, kwa karibu, pua kwa pua, akamaliza. Haikuchukua hata robo saa. Jioni yote iliyobaki nilikuwa nakunja viti.

Jumapili asubuhi ujumbe wangu wa shukrani ukajituma wenyewe kwa wote mia na sitini na tatu. Asante kwa kuja, uliipendezesha shughuli yetu. Na wao, watu wenye adabu zao, wakajibu. Ilifana sana. Hongera mzee, tulifurahi mno. Mmoja aliandika kwamba keki ilikuwa tamu. Baba akaniuliza watu wanasemaje, nikamwambia wanaomba radhi. Hakuna hata mmoja aliyeomba radhi.

Mchana wake akaniuliza tena, safari hii kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Ilikuwaje hakuna aliyesema haji? Nikamweleza habari ya vile vitufe viwili, na aibu ya watu kumkatalia mtu. Alifikiri sana, vidole vyake vinapangapanga hewani kama zamani.

"Basi mngewatafutia neno," akasema. "Mtu akikosa neno la kweli, anaokota la uongo lililo karibu."

Sikumwambia kwamba neno lilikuwepo, kwamba Betri alilileta mezani na mimi nikalifukuza kwa ajili ya namba. Sijamwambia mpaka leo.

Jumatatu nilimwambia Betri akiweke kitufe chake. Hakunisema, na heri angenisema. Tulikiweka katikati, cha kijivu. Mwezi haukuisha, namba ya kijani ikawa imenywea vilevile nilivyotabiri, na yule mama wa matangazo akatuandikia barua fupi ya kutuaga. Chumba cha juu ya matairi tulikirudisha kwa mwenyewe. Tupo bado ipo, sasa inasema kweli, na hakuna anayeilipia.

Na lile tundu la Baba halikungoja miezi mitano. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, aliniuliza kwa nini leo sijafungua dirisha. Nilikuwa nimelifungua zamani, na jua limemwangukia magotini. Nikaenda nikalifungua tena.

Niliwaita watu kwa mara ya pili. Kwa nini, sijui. Labda kwa ajili yangu, si yake. Niliweka picha ileile na maneno yaleyale. Kati ya wale mia na sitini na tatu, mia na hamsini na nane walibonyeza "Nikijaliwa". Watano walibonyeza "Nitakuja", na hata kabla sijafungua majina niliwajua. Kazi yetu yote, siku zote zile, hatimaye imekuwa na namba isiyokosea. Nikapanga viti vitano.

Walikuja wote, tena kwa wakati. Baba alikaa pembeni ya mashine na suti yake ya kahawia, uso ameuelekeza kando kidogo ya mlango, akapokea mikono yao na kuwataja mmoja mmoja kwa sauti zao. Mwalimu alimuuliza anajionaje, kisha akaliona neno lake mwenyewe, akavuta kiti akaketi. Shangazi akasema tuanze, chai inapoa. Baba akainua mkono.

"Tungoje kidogo," akasema. "Watu wako njiani."

Nikaenda chumba cha nyuma, nikachukua kiti cha sita, nikakiburuta sakafuni kwa makelele yote niliyoweza, nikakitua mbele yake kwa kishindo. Baba akageukia kishindo kile, akatabasamu, akanyoosha mkono kusalimia. Nikamtazama fundi cherehani, aje aushike. Aliinamisha kichwa, hakuinuka. Mkono wa Baba ulikuwa bado umenyooka nilipokwenda kuchukua cha saba.