Mti wa Arobaini na Moja

Mti wa kwanza ulikuwa na majani. Fundi rangi aliusogelea, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Majani yalikuwa palepale, madogo kama masikio ya panya. Chini yake, kwenye gome, ulikuwepo ule mkasi mwekundu, alama ya X, alioupaka kwa mkono wake mwenyewe miezi miwili iliyopita.

Tuseme haki: kazi aliifanya vizuri. Tangu aje ugenini, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kupewa peke yake. Msimamizi alisema, "Weka alama kwenye miti iliyokufa, ikatwe." Naye akabeba kopo na brashi hadi kwenye bustani hii iliyosahauliwa na kila mtu isipokuwa magugu, akakuta miti arobaini na mmoja, yote mikavu, haina hata jani la dawa. Akaisikitikia. Akaipaka yote. Mistari ilinyooka, wala hakuna tone lililochuruzika. Msimamizi, ambaye hapatani na baridi, alisaini karatasi bila kuinuka kitini, akamsifu kwa bidii.

Wenye misumeno walikuwa wanakuja kesho asubuhi.

Mti wa pili: majani. Wa tatu ulikuwa na maua meupe, tena bila aibu. Akampigia simu dada yake mkubwa nyumbani.

"Dada, miti imefufuka."

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Basi rudi ukalale."

"Nilidhani imekufa. Yote! Kwetu uliona wapi mti mzima wa afya ukavua nguo miezi minne kisa baridi?"

Dada alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, "Ukimwambia bosi wako, atakufukuza?"

"Sijui."

"Na usipomwambia?"

"Watakata bustani nzima."

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyepaka viti rangi asubuhi ya harusi yangu."

"Nilijua vitakauka."

"Havikukauka. Na bado naongea na wewe. Haya, mpigie."

Akampigia. Msimamizi alisikiliza, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayekunja mikono ya shati.

"Yote, fundi?"

"Yote, bosi."

"Sasa sikiliza. Funika alama kwenye mizima, acha kwenye iliyokufa tu. Na safari hii uwe na hakika, ama kesho usije."

Fundi alikwenda kuleta rangi ya kijivu kama gome, akazunguka mti kwa mti, akiomba radhi kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye geti bovu, penye mti wa mwisho. Haukuwa na jani. Haukuwa na ua. Tawi moja lilikuwa na uvimbe mdogo, labda chipukizi, labda kidonda.

Aliubisha kwa kidole, kama mlango. Akakwangua gome kwa ukucha, akainama hadi pua ikagusa. Ndani palikuwa na kijani kidogo, au ni mwanga wa jioni ukipita kwenye majani ya mti jirani, hakuweza kujua.

Akasimama, brashi juu, karibu na ule wekundu. Tone la kijivu likachuruzika, likaangukia kiatu chake.