Waya za Kumbustia Dionis

Mansuri alipanga jozi tatu za waya za kubustia betri juu ya kaunta ya duka lake la spea pale Kibondo, akatoa kisu, akakwangua ncha ya jozi ya kwanza.

"Mwakeye, Mama Yusta," akamsalimu Esteria kwa Kiha. "Tazama mwenyewe. Nje nene kama nyoka aliyemeza mbuzi, ndani nywele nne. Na hizo nywele si shaba, ni alminiamu imepakwa rangi."

Esteria akazichukua, akazipima uzito mkononi. Zilikuwa nyepesi. Akazirudisha.

"Gari gani?"

"Probox ya mume wangu."

"Imezima tangu lini?"

"Tangu wamuue."

"Na mwenyewe?"

"Yumo ndani. Naye amezima."

Mansuri akasukuma jozi ya pili pembeni bila hata kuikwangua. "Basi ni wawili kwa mpigo. Chukua hii ya tatu, nene mpaka ndani. Ile nyembamba itamfikisha kwenye salamu tu, halafu inaungua."

Dionis alikuwa akitoa mawese Kasulu na kuyaleta Kibondo. Siku ya mnada, dumu moja lilipasuka kwenye shimo la barabara, mawese yakachuruzika nyuma ya gari, mekundu, yakichemka na jua. Wiki nzima watu walikuwa wakinong'onezana habari za wanyonya damu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Damu! Mnyonya damu huyu hapa!" Hakuna aliyeinama kunusa. Walimtoa dirishani, kioo kikiwa hakijashushwa. Walimpiga kwa matofali, kwa mpini wa jembe na kwa jeki yake mwenyewe, mpaka fuvu likafunguka juu ya sikio. Kisha wakagawana mawese, maana yalikuwa mazuri.

Alizikwa Jumanne. Jumatano asubuhi alikuwa amekaa kwenye usukani mbele ya nyumba yake, udongo mabegani, macho yamefumbwa. Majirani walilalamika kidogo kwamba gari limeziba njia ya mikokoteni. Esteria alimpangusa udongo, akamfunga shati vifungo.

Alitaka jambo moja tu: Dionis amtaje yule aliyepiga kelele ya kwanza. Shuleni Yusta alikuwa ameshaanza kuitwa mtoto wa mnyonya damu. Na afande Ghati, Mkurya mwenye daftari, alikuwa amemwambia bila kuzunguka, "Mama, niletee shahidi aliyeona. Mji mzima wanasema siku hiyo wote walikuwa shamba."

Mtaani pale gari lililokuwa likitembea ni moja tu, Noah ya jirani yao Majaliwa. Alikubali upesi, akaisogeza pua kwa pua na Probox.

"Tena bure, Mama Yusta. Dionis alikuwa mtu wangu."

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Noah ikaunguruma, Probox ikakohoa mara mbili, ikawaka. Dionis akafumbua macho.

"Mawese yangu yako wapi?" akauliza.

"Baba Yusta, wataje kwanza," akasema Esteria. "Afande yuko hapa, anaandika."

Dionis akaanza kuwataja taratibu, kama kondakta anayetaja vituo.

"Leonidasi, tofali."

Leonidasi, aliyekuwa amesimama pale na muhindi wa kuchoma, akaitika, "Naam."

"Castory, mpini. Alinivunja mkono."

"Mikono yote miwili, kaka," akasahihisha Castory.

Ghati akafuta, akaandika miwili.

"Na aliyepiga kelele?" akauliza Esteria.

Dionis akageuza shingo, ikalia kama changarawe, akatazama ng'ambo ya boneti.

Majaliwa akazunguka nyuma ya Probox, akaitoa jeki. Alimpiga mara tatu, palepale palipokuwa na shimo, kama mtu anayeifahamu njia. Damu, safari hii ya kweli, ikarukia kioo. Kisha akang'oa kibanio chekundu, cheche zikaruka, gari likazima. Dionis akaangukia honi. Honi haikulia, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha.

"Maelezo hayajakamilika," akasema Ghati, akafunika kalamu. "Jina halikutamkwa, saini hakuna."

"Si umemwona Majaliwa kwa macho yako?"

"Nimemwona anampiga marehemu, mama. Marehemu akiuawa mara ya pili sina ukurasa wa kumwandika."

Wiki mbili Esteria alizunguka mji na waya zake begani, akimuuliza kila mwenye gari kama siku ile alikuwepo. Walimjibu kwa adabu. Mwalimu alikuwa amepiga teke moja. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameshika miguu. Gari la kituo lilikuwa likisukumwa na polisi wenyewe. Akarudi dukani.

"Na pikapu yako, mzee Mansuri?"

Mansuri akaanza kuviringisha waya ambao tayari ulikuwa umeviringishwa. "Mimi nilirusha kajiwe kamoja tu, mama. Kadogo." Akamwonyesha kwa vidole: ukubwa wa limau.

"Shemeji yangu Moses ana gari," akasema Esteria. "Siku ile alikuwa kwake, Kasulu."

"Si alilete?"

"Gari lake ni jekundu. Anaogopa kulileta huku."

"Hapo ana akili," akasema Mansuri. "Basi nikukatie urefu gani?"

"Kutoka mlangoni kwangu mpaka Kasulu."

Mansuri akafikiri kidogo. "Kwa umbali huo usichukue nyembamba. Umeme utachoka njiani."

Akambingirishia maroli mawili ya waya mpaka nyumbani. Esteria akabana ncha kwenye betri ya Probox, akapenyeza fimbo katikati ya maroli, akaanza kutembea kuelekea Kasulu, waya zikijikunjua nyuma yake. Mbele ya nyumba ya Majaliwa zikanasa kwenye mfereji. Majaliwa alikuwa uani akila maharage yaliyoungwa kwa mawese. Akaacha sahani, akatoka kumsaidia kuzinyanyua zisilowe.

"Safari njema, Mama Yusta," akasema.

Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Alivifuta kwanza kwenye suruali, asije akazichafua.