Dawa ya Kusafishia

"Dada, kulikuwa na nini humu?"

Fundi picha aliinua chupa ya kahawia, tupu, imesuuzwa mpaka inang'aa. Dada yake mkubwa, aliyekuja kumtembelea wiki nzima na wiki nzima hakuweka ufagio chini, alimjibu akiwa mlangoni.

"Si dawa ya kusafishia? Jana mwenyewe ulisema, dawa ya kusafishia iko chumba cha giza. Nimesugulia sinki. Tena ubadilishe duka, mdogo wangu. Dawa gani haitoi hata povu!"

Fundi akakaa kwenye stuli. Kusema alisema, lakini alisema kusafisha picha! Ile ilikuwa dawa kuukuu, iliyokwisha kusafisha picha nyingi mpaka ikawa rangi ya chai iliyokolea. Mtindo wake wa kusafisha picha una taratibu zake: karatasi hupigwa mwanga kupita kiasi, kisha hulazwa katika dawa nyepesi. Picha hujikongoja kama haitaki, halafu ghafla weusi hulipuka, na hapo ndipo huopolewa. Dawa mpya peke yake haina adabu. Kikombe cha ile kuukuu, kikichanganywa humo, ndicho huitia adabu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," dada akasema.

"Hayakuwa maji!"

Filamu ya marehemu mama yao ilikuwa moja. Karatasi za kukubali mtindo ule zilibaki tatu, na kiwanda kilishaacha kuzitengeneza. Dada alikuwa anaondoka saa tisa mchana huo, na picha ya mama alikuwa ameahidiwa tangu miaka miwili nyuma.

Fundi akafunga mlango, dada akiwa ndani, akawasha taa nyekundu, akachanganya dawa mpya, hana la kufanya. Karatasi ya kwanza ikatoka imejaa vidoa vyeusi uso mzima.

"Mbona mama ana tetekuwanga?"

"Nyamaza, dada. Nakuomba."

Karatasi ya pili ilikwenda vizuri. Dakika ya nane macho yakaja, kisha mashavu. "Huyo! Mama huyo!" dada akapiga kelele, na fundi akageuka kumnyamazisha. Kugeuka tu. Aliporudisha macho, weusi ulishameza kilemba, shavu na nusu ya kidevu.

Fundi aliitupa karatasi kwenye ndoo kwa nguvu hata maji yakamrukia dada.

Ikabaki moja. Dawa kwenye trei sasa ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Karatasi mbili zilizoharibika zilikuwa zimeizeesha kidogo. Akaizamisha ya tatu, akatikisa trei taratibu. Dakika kumi, hamna. Kumi na tano, kivuli cha pua. Mgongo ulimuuma, dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Dakika ya kumi na tisa akaiopoa, akaitia kwenye maji makali ya kuzuia weusi usiendelee, kisha kwenye dawa ya kuikaza isififie.

Taa nyeupe ilipowaka, mama alikuwapo, mzima, lakini mwekundu wa kutu.

"Sasa naitia dawa ya kugeuza rangi," fundi akasema, akivaa glavu. "Rangi itapoa yote, iwe zambarau iliyotulia."

Akaiosha kwa maji, akafungua dirisha, akaitia katika trei ya dawa hiyo. Kilemba kikaanza kugeuka, kisha nyusi. Dada akanyakua koleo, akaiopoa picha.

"Dada! Bado! Uso haujageuka!"

"Uso uache. Mama hakuwa zambarau."

"Hii ni kazi yangu, si sinki hii!"

Akampokonya koleo ili airudishe kwenye trei. Picha ikaning'inia baina yao, ikimdondokea fundi kiatuni. Kilemba kilikuwa cha baridi, kimeiva kama zambarau. Mashavu yalikuwa bado na joto, kama mtu aliyetoka jikoni sasa hivi.

"Ningeiacha dakika moja tu..."

"Ungeiharibu."

Fundi akasonya. Akampa mgongo, akafungua bomba, akailaza picha chini ya maji yanayotiririka yaitoe dawa, mashavu yabaki na joto lake.