Magunia ya Mama Mkwe

Alijiita Mkurugenzi. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, mizani moja na ghala la kupanga lenye bati linalovuja, lakini kibao cha mlangoni kilisema "Mkurugenzi Mtendaji", na watu kwa huruma yao wakamwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kununua maharage kwa wakulima, kuyapepeta, kuyachambua na kuyauza kwa shule za bweni. Mkulima anataka hela yake leo hii. Shule inalipa baada ya miezi miwili, tena ikikumbuka. Hapo katikati ndipo Mkurugenzi alipokaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

Alikwenda kwenye kikundi cha kukopeshana, wakamwambia anachotaka ni kikubwa mno. Akaenda benki, wakamwambia ni kidogo mno. Akarudi nyumbani hajui avimbe kichwa au alie. Mwezi wa tatu wa kuhangaika hivyo, benki nyingine ikakubali kuja kuuona mzigo wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ghalani alikuwa na magunia kumi na mawili, lakini kalamu, kama ulimi, haina mfupa. Kwenye fomu alikuwa ameandika sitini.

Mbio kwa mama mkwe wake, mkulima asiyekosa akiba, kuazima arobaini na nane.

"Ya kuonyesha tu, mama. Kesho, asubuhi hadi mchana."

Mama mkwe akamfungulia stoo. "Chukua. Lakini kesho hiyo hiyo jioni lori la mnunuzi wangu linakuja."

Siku ya ukaguzi naye akafika ghalani, akaketi kwenye kigoda karibu na mali yake.

Afisa mikopo aliingia saa nne, dada mwenye viatu vya vumbi na maneno machache.

"Na huyu mama?"

"Mteja wetu mkubwa," alisema Mkurugenzi, na mteja mkubwa akakohoa.

Afisa akahesabu magunia, akachomeka bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, kwenye moja la mama mkwe, akatoa punje, akaing'ata. "Maharage safi kweli." Mkurugenzi akapokea sifa kana kwamba alilima yeye. Ndipo afisa akatoa kufuli mkobani.

"La nini hilo, dada?"

"Dhamana ni mzigo wenyewe. Tunafunga ghala, ufunguo unakaa benki mpaka umalize deni. Ipo ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili! Yeye alisoma wa kwanza, wenye jina lake, akatosheka.

"Basi nithibitishie. Mzigo wote huu ni wako?"

"Ndiyo" ni neno jepesi, na lingemletea mtaji aliousaka miezi mitatu. Lingefungia pia jasho la mwaka mzima la yule mama. Akamgeukia. Mama mkwe alikuwa anatazama kufuli.

"Yangu ni kumi na mawili," akasema Mkurugenzi. "Mengine ya mama mkwe wangu. Ndiye huyo."

Afisa hakufoka. Alirudisha kufuli mkobani, akachana fomu, akaaga kwa adabu. Adabu ile ilimuuma Mkurugenzi kuliko matusi.

Wakabaki wawili. Akainama kubeba gunia la kwanza alitoe nje.

"Liache hapo," mama mkwe akasema. "Mnunuzi wangu nitampigia simu. Wauzie shule haya, unilipe wakikulipa. Lakini niambie, miezi mitatu unawalilia watu wasiokujua. Mimi mbona hukunijia?"

"Niliona haya, mama. Nilihofia utajua sina kitu."

"Mwanangu, siku uliyokuja kuposa ulivaa viatu vya kuazima. Na binti nikakupa."

Mkurugenzi akaketi juu ya gunia. "Ulijua?"

"Virefu vile? Viliingia ndani kabla yako."