Maziko ya Kimya ya Kavumbi

Kwa miaka mingi hapakuwa na msiba Ndavaya ambao Kavumbi hakuitwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiimbisha hanga, ngoma ya maombolezo. Wanawake walijipanga nyuma yake na kayamba zao, naye akaanza kwa sauti ya chini, akimtaja marehemu, na mama yake marehemu, na nyanya yake, mpaka waliokuja na macho makavu wakaanza kujipangusa. Nyimbo nyingi za hanga ziliweza kuimbwa hata shambani. Mmoja tu, ule wa kumtoa maiti nyumbani, haukuimbwa ila maiti akiwamo ndani. Hata bintiye Dama, aliyekuwa akimfuata kila msibani, aliujua wimbo huo kwa kuusikia kwenye maziko, maana nyumbani mama yake hakuthubutu kumfundisha.

Kisha vijana wakaanza kukodi spika. Kavumbi akawa anaitwa mchana, anaimba kidogo, halafu mtu anamwambia kwa adabu, "Mama, pumzika sasa." Akikaa kivulini, muziki unafunguliwa, na hakuna anayekumbuka kumwita tena.

Ndipo akaja Hesbon, aliyekuwa na kikundi cha ngoma katika hoteli moja ya Diani, akamwomba Kavumbi aende akawaimbie wageni. Dama alikwenda naye. Siku hiyo wageni walikaa kimya kabisa, hata wahudumu wakasimama na sinia zao mikononi. Kavumbi alipomaliza nyimbo alizokubaliana na Hesbon, hakushuka. Alifumba macho akaingia katika wimbo wa kumtoa maiti. Dama alimshika mkono amzuie. Hakuacha mpaka akaumaliza.

Njiani kurudi Dama alisema, "Mama, wimbo ule."

"Najua nilichokifanya," Kavumbi akajibu. "Walikuwa wananisikiliza, Dama. Wewe mara ya mwisho umewaona lini watu wakinisikiliza?"

Kabla ya mwezi kuisha, Mbeyu, mke wa jirani yao Mangi, alishikwa na uchungu wa uzazi. Mvua ilikuwa imeikata barabara. Walimbeba kwa machela, na kabla hawajafika penye gari damu ilikuwa imemtoka nyingi mno. Alikufa yeye na mtoto wake.

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuuona wimbo wa Diani katika simu zao, kwa kuwa mtu mmoja hotelini alikuwa amerekodi. Baada ya mazishi Mangi alikwenda kwa wazee wa ngambi, baraza linaloamua mambo ya mila, akasema, "Kavumbi ameimba wimbo wa maiti pasipo maiti. Wimbo umetafuta maiti wake, umempata mke wangu."

Mkubwa wa ngambi alikuwa Chengo, kaka yake Kavumbi, tumbo moja. Wenzake walimwambia kwamba akitaka anaweza kukaa pembeni. Alikataa, asije akaambiwa amemficha dada yake. Wakaamua hivi: Kavumbi atoe kondoo mweusi na kadzama ya mnazi, kibuyu cha tembo la kutakasia, kisha aseme mbele ya watu kwamba aliita kifo kikamchukua Mbeyu. Mpaka afanye hivyo, watu wa nyumba yake wasiimbe hanga popote, na nyumbani kwake usiimbwe wimbo wala kayamba isilie, hata kwa msiba.

"Kondoo nitatoa," Kavumbi alisema. "Mnazi nitatoa. Nilikosea kwa kuuimba pale, na hilo nimelikiri. Lakini kwamba nilimwua Mbeyu, sisemi. Mbeyu alipoletwa bibi arusi, mimi ndimi niliyempokea."

"Dada, ni maneno tu," Chengo akasema.

"Kama ni maneno tu, yaondoeni."

Hawakuyaondoa, naye hakuyasema. Misiba iliyofuata aliisikilizia nyumbani. Upepo ukileta sauti za wanawake, aliacha kazi aliyoishika akatega sikio, na mwimbishaji akikosea, alitikisa kichwa. Watu hawakumtukana. Walimwamkia njiani kama zamani, ila hakuna aliyeingia uani kwake kukaa. Mwili ukaanza kumwisha. Dama, aliyekuwa ameolewa upande wa Lunga Lunga, alirudi kumwuguza, akawa naye mpaka asubuhi aliyokata roho, akiwa amelalia ubavu kama mtu aliyejipumzisha.

Chengo alikuja mapema. Aliketi kando ya kitanda, akamfunika dada yake uso, akamfunua tena, akamtazama. Kisha akamwita Dama nje.

"Mwanangu, sheria inakuruhusu. Wewe ni damu yake. Ukiyasema yale maneno kwa niaba yake, kondoo nitamtoa mimi, na jioni hii mama yako atatolewa kwa wimbo wake. Wanawake wako kwa jirani na kayamba zao. Wanangoja neno lako."

Dama alitazama ng'ambo ya barabara, akawaona wamesimama kwenye ua wa jirani, kayamba wamezilaza miguuni. Baadhi yao mama yake aliwafundisha tangu wakiwa wasichana.

"Na nikiyasema, mjomba, mama atakuwa nani?"

Chengo aligeukia mlango wa nyumba.

"Atakuwa mtu aliyemwua Mbeyu. Yeye alikubali kukosa kila kitu ili asiitwe hivyo. Mimi nimwite leo, hana hata mdomo wa kunikatalia?"

"Atazikwa kama mtu asiye na watu," Chengo akasema. "Kavumbi. Kimya."

"Wewe ndiwe uliyeamua, mjomba. Ondoa."

"Siwezi peke yangu. Ngambi nzima iliamua. Nikiondoa kwa ajili ya dada yangu, kesho nitamhukumu nani?"

Dama alirudi ndani kumwosha mama yake.

Walimtoa jua likianza kupoa. Ilisikika miguu ya wachukuzi tu. Wanawake walifuata mikono mitupu, wengine wamejiziba midomo kwa leso, na mmoja alipoanza kuvumisha sauti, mwenzake alimgusa akanyamaza. Dama aliusikia wimbo wote kichwani, neno kwa neno, akauma meno. Chengo alitembea nyuma ya wote.

Udongo ulipoanza kushushwa, Mangi alitokea, akapokea jembe kwa mtu akafukia pamoja nao. Hakuna aliyemzuia. Watu walipotawanyika, yeye alibaki.

"Dama," alisema, "mke wangu alitokwa na damu. Nilimshika mimi. Tangu siku ile nilijua ni damu, na barabara."

"Mbona hukuwaambia wazee?"

"Nilitaka awepo mtu wa kumlaumu. Mvua nitailaumu vipi?"

Dama alitafuta neno la kumsamehe, hakuliona. Alitafuta la kumlaani, nalo pia hakuliona. "Kawaambie sasa," alisema, akaenda zake.

Mangi alikwenda kweli, na ngambi ikaiondoa hukumu. Walitangaza sokoni kwamba Kavumbi hakuua mtu, na kwamba nyumba yake i huru kuimba. Watu walimpa Dama mkono, wengine wakilia. Aliwashukuru. Baada ya hapo misiba miwili mitatu ilitokea, akaitwa, akaenda, akakaa na wafiwa. Hakuimba.

Chengo alijitoa katika ngambi. Siku za mavuno alimtembelea Dama, akakaa kwenye kigoda, wakaongea habari za mahindi na mvua. Alipotaka kuondoka alisema bila kumtazama, "Siku yangu ikifika, utanitoa kwa wimbo?"

Dama alikuwa akipukuchua mahindi.

"Sijui, mjomba," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Chengo aliitikia kwa kichwa, akachukua mkongojo wake, akaiteremka njia polepole. Dama alisimama mlangoni mpaka alipokata kona, kisha akarudi kwenye mahindi yake.