Saa Iliyopelekwa Mbele

Mama alikuwa anasugua sufuria wakati mikono ya mwanawe ilipotokea ukutani, saa nane mchana. Wa kushoto ulitangulia, umevaa saa. Wa kulia ulichelewa kidogo, kama kawaida ya kijana huyo, ambaye tangu utotoni alikuwa akiomba dakika moja zaidi kitandani, mpaka mtaa mzima ukamwita Dakika.

Mikono yenyewe ilianzia kwenye viwiko. Ilining'inia chini ya msumari ambapo Mama aliitundika saa hiyo siku jeshi lilipoirudisha, pamoja na jeneza lililokatazwa kufunguliwa. Kovu la kuungua na pasi utotoni lilikuwa mahali pake. Mama alitazama kucha, akaleta beseni na sabuni.

"Uchafu gani huu," alisema. "Hata huko hunawi?"

Mkono wa kulia ulisubiri unawishwe. Kisha ukavuta kifundo cha saa, kile cha kurekebishia majira, ukapeleka mishale mbele hadi saa tisa, ukapanda juu na kupiga saluti mahali ambapo kichwa kingekuwa. Halafu ikaondoka yote miwili. Kesho yake ilirudi, na saa ilikuwa imejirekebisha yenyewe.

"Mwambie kaka alete na miguu," alisema binti yake. "Uwanja haujafagiliwa."

"Koma wewe!" alisema Mama, lakini alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Saa hiyo ilikuwa ya babu wa babu yake Dakika. Ilianza maisha mfukoni mwa mtu mwingine. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, wakubwa waligundua kwamba askari aliyelala kwenye handaki na bunduki mkononi hawezi kupekua mfuko, basi saa ikachomelewa vishikio vya waya, ikafungwa mkononi kwa ukanda wa ngozi. Tarakimu zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani. Katika viwanda vya rangi ya namna hiyo wasichana walichonga ncha za brashi kwa midomo yao, sumu ya rangi ikawaingia, na mataya yao yakaoza. Wenye viwanda walisema ni wagonjwa wa kitu kingine. Hivyo saa ilikwisha kuzoea uongo kabla haijafika katika familia hii.

Jeshi nalo lilisema Dakika na wenzake walitoka kabla ya amri, kwa utovu wa nidhamu, wakaingia chini ya mizinga ya upande wao. Kwa sababu hiyo majina yao hayakuandikwa kwenye mnara wa mashujaa. Mama hakutaka kingine. Alitaka neno hilo, utovu, liondolewe juu ya mtoto wake.

Askari pekee aliyenusurika alikuja kwa magongo na kumweleza. Kabla ya kushambulia, kila askari hulinganisha saa yake na ya kamanda. Kanali alikuwa na saa mpya, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo na kupokea majira kutoka angani. Walipovuka mpaka, ilijichukulia yenyewe majira ya nchi ya pili, ikaruka mbele saa nzima.

"Dakika alimwambia, 'Afande, yako imeruka.' Kanali akamjibu, 'Hilo kopo la babu yako ndilo linifundishe kazi? Peleka mbele!' Akapeleka. Sote tukapeleka. Mizinga ilikuwa inyamaze saa tisa ya kweli, nasi tukatoka saa nane."

Mama alimwomba Mungu ampe subira. Baadaye alimwomba aichukue tena, maana haikuwa na kazi. Akaenda kambini, akarudi, akaenda tena, mpaka Kanali akakubali kuja.

Alikuja mchana, akakaa kwenye kiti kizuri. Mikono ilipotokea, aliitazama mpaka mwisho.

"Ndiye," alisema. "Namjua kwa hilo kovu."

"Basi umeona anatii."

"Nimeona, mama."

"Kaliseme hilo mbele ya watu."

"Mama yangu, saa yangu hii haikosei."

"Mimi sikuzaa saa!" Mama alisema. "Nilizaa mtu, ukamuua, kisha ukamwita mkaidi!"

Saa ya Kanali ilitetemeka. Aliisoma, akasimama.

"Inasema nimekaa muda mrefu," alieleza. "Inajali afya." Akaaga kwa heshima.

Siku hizi saa kama ile inauzwa dukani, karibu na kituo cha basi. Kwenye kioo kuna picha ya Kanali, ambaye amepandishwa cheo, na maneno: Imethibitishwa Vitani. Vijana huingia kuijaribu, wakitazama mapigo ya mioyo yao. Mnara umepakwa rangi upya, bila jina jipya.

Nyumbani, Mama huosha vyombo mapema ili beseni liwe tupu saa nane ikifika. Hunawisha mikono, huikausha. Kwa muda alijaribu kukishika kifundo kisivutwe, lakini mwanawe ana nguvu kuliko yeye. Saluti inapopanda, huipiga kofi.

"Shusha," humwambia. "Shusha, baba. Hakuna afande hapa."

Mkono hushuka kidogo, husubiri kwa adabu mpaka Mama amalize kusema, kisha hupanda tena.