Mawele ya Nyuma ya Zizi

Mimi nina kichwa kigumu, sikatai. Mama alinizaa hivyo, akafa akaniacha hivyo hivyo, na mfuko mdogo wa mbegu za mawele mkononi. Kule kwetu Mbita watu walimcheka, ati anapanda chakula cha Wakamba. Lakini alipewa na rafiki yake wa sokoni, na yeye hakuwa mtu wa kutupa zawadi. Kazi yangu utotoni ilikuwa kufukuza ndege. Nikisinzia tu, mama ananiita: "Filister! Ndege hawasinzii!"

Sasa nakaa Kianda, Kibera, ambako ukitaka kupanda kitu unakipanda kwa mkebe. Basi nikamwomba Wacera, bibi mzee, shosho ninayemfulia nguo kule Kawangware, kituo cha 46, kipande cha nyuma ya zizi lake. Akasema panda. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwaga mfuko wote. Sikubakisha hata punje.

Mvua ilinyesha wiki mbili, ikaenda zake. Nyasi za kando ya barabara zikageuka vumbi, nepia, yale majani ya ng'ombe ya kununua, ikapotea. Mawele yangu? Yakasimama kijani hadi kifuani, yananicheka. Nikimaliza kufua nilikaa katikati yao, miguu kwenye udongo, na Kawangware yote ikaenda mbali, spika za kanisa, jogoo, mtu anachomelea mlango. Upepo ukipita kwa majani, nangoja kuitwa. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kunipotea, jameni, na hilo liliniuma kuliko njaa. Nilijiambia, yakitoa masuke nitamsikia.

Wacera alikuwa na ng'ombe mmoja, Kairu. Ana mimba ya miezi saba, mbavu unazihesabu. Asubuhi moja Kairu akalala, akakataa kuamka. Wacera akaja na panga.

"Filister, tumkatie mawele. Leo."

"Hayajatoa masuke, shosho."

"Ndiyo utamu uko hapo. Yakitoa, mabua yanakuwa fagio."

"Na mbegu? Nilimwaga zote! Huyo ni mama yangu amesimama hapo!"

Nilimfokea, aki, mtu mzima kiasi hicho. Alirudi zizini, akakaa chini kwenye samadi, akalaza kichwa kwenye shingo ya Kairu na kulia bila sauti. Huyo ng'ombe alizaliwa mikononi mwa marehemu mzee wake. Mimi nilijua hilo, na bado nilikuwa nimesema niliyosema.

Nikachukua panga. Nilikata nikitukana jua, nikitukana ndege, na Mungu kidogo. Bua la kwanza lilipokatika, harufu ikanijaa puani, mbichi, tamu, ile ya leso ya mama akitoka kukatia mbuzi majani.

"Usikate chini sana, Filister. Acha kisigino, yatachipuka."

Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Wacera alikuwa zizini, bado analia. Nikaacha visigino vya shubiri moja, nikakata mstari wote, na mwingine, mpaka mwisho. Miezi yote nimekaa hapo kama sanamu nikimngoja mama, kumbe alikuwa anangoja nifanye kazi.

Tulipomwekea, Kairu alinusa. Akavuta jani moja, akala akiwa amelala. Saa nane mchana alisimama, miguu ikitetemeka, na Wacera akanishika mkono akakataa kuuachilia.

Visigino vilichipuka kweli. Kairu akazaa ndama jike. Masuke yakatoka, marefu, na siku hiyo hiyo ndege wakapata habari.

Jumatatu nilifika kufua, nikasikia kelele nikiwa bado getini. Nikazunguka zizi. Wacera mzima, shosho mwenye ploti, amesimama katikati ya mawele na kitambaa kimemwanguka mabegani, anapiga sufuria kwa mwiko.

"Tokeni!" anapiga kelele. "Tokeni! Huyo ni mamake Filister!"

Nikaweka beseni chini, nikachukua kifuniko cha sufuria, nikaenda kumsaidia.